Mwalimu wa Kuamkia Matunda

Mdomo wake ulikuwa mbaya. Nianzie hapo, maana kila aliyemjua ataanzia hapo, na nikitanguliza mazuri yake watu wa kule juu mlimani watasema nimehongwa. Mama akifika asubuhi na mtoto mkononi, shikamoo haijamaliza kutoka, Mwalimu alishamchungulia mtoto kinywani na kusema, "Marahaba. Meno haya umemwazimia kwa babu yake?" Akija mwingine na chupa ya soda kwenye mfuko wa mwanawe, aliitoa, akaitikisa mbele ya wote, akauliza kama huko nyumbani ndama nao wanakunywa hiyo au ni mtoto tu asiyependwa. Wanawake wazima, wengine wenye wajukuu, walikuwa wakizunguka nyuma ya kanisa ili wasikutane naye mlangoni.

Mimi aliniita binti wa mkonge. Baba yangu alitoka Singida kuja kukata mkonge huko bondeni, tukaishi kambini, na mimi nilipanda mlimani kwa kuolewa. Ndoa ikanishinda, ila mlima sikushuka. Usharika ukanipa kazi ya kumsaidia Mwalimu kwenye chekechea, na tangu siku hiyo sikuwa tena na jina. "Binti wa mkonge, leta maji. Binti wa mkonge, funga mlango, au kambini hakuna milango?" Alisema hivyo mbele ya wazazi na mbele ya mchungaji, bila kucheka, kwa hiyo usidhani ulikuwa utani. Nilimchukia kwa miaka mingi, chuki ya kila siku ambayo mtu anaamka nayo na kuoga nayo. Lakini sikuondoka, kwa sababu nilikuwa nimemwona akiwa na watoto.

Ilikuwa hivi. Tunda jipya likifika darasani, haliliwi. Linawekwa kwenye sahani juu ya meza fupi, watoto wanakaa chini kulizunguka.

"Huyu ni mgeni," alikuwa akisema, kwa sauti ambayo wale mama zao wasingeamini kuwa ni yake. "Mgeni akija anafanywaje?"

"Anaamkiwa!"

"Haya, mwamkieni."

"Shikamoo, peasi!"

Kisha kimya, wote wamekodoa macho, wanasubiri kama peasi litaitika. Kila mwaka hakukosekana mmoja aliyeapa kwamba amelisikia likisema marahaba, na kila mwaka walizozana juu ya jambo hilo mpaka saa ya uji. Mwalimu hakuwaamulia. Alisema labda lina sauti ndogo.

Siku hiyo iliishia hapo, kwa sababu mgeni hasumbuliwi siku ya kwanza. Kesho yake walilishika, wakaliviringisha sakafuni, wakaliweka shavuni kujua kama ni la baridi. Baadaye likakatwa, wakahesabu mbegu, wakanusa, wengine wakapiga chafya makusudi. Kuonja kulikuja mwisho, tena kwa ncha ya ulimi. Mtoto alijilisha kwa mkono wake mwenyewe, na asiyetaka alipewa kazi ya kushika sahani. Neno "kula" halikutamkwa. Nimemwona mtoto mmoja akishika sahani msimu mzima wa mapapai, wenzake wanatafuna mpaka viwiko vinachuruzika, yeye kashika sahani tu, na Mwalimu hakumgeukia hata kwa jicho la pembeni. Siku moja sahani ikarudi na kipande kimepungua. Mwalimu aliipokea akasema, "Asante kwa kunishikia," akaendelea na kazi zake.

Mimi nilijaribu njia ya mkato mara moja tu. Nilimnong'oneza mtoto kwamba akionja fenesi nitampa pipi. Mwalimu, aliyekuwa uani, sijui alisikiaje. Aliingia, akanikalisha kwenye benchi la watoto, magoti yangu yakanifika kidevuni, akawaambia watoto, "Mtazameni vizuri dada yenu. Huyu anataka kununua midomo yenu. Leo kwa pipi. Mkikua atakuja mwingine na kitu kikubwa zaidi, na mtakuwa mmeshazoea kuuza." Wakanitazama. Akaniacha pale benchini mpaka mama zao walipokuja kuwachukua, na kila mama aliyeuliza alijibiwa na watoto wenyewe, kwa furaha. Nililia njia nzima. Nikimkumbuka mpaka leo nasema alikuwa mkatili, na pia nasema sijawahi tena kumpa mtoto pipi ili ale.

Mtu wa bondeni atadhani watoto wa mlimani wamezaliwa wakitafuna matunda. Na mimi nilidhani hivyo. Huko juu, ukielekea msitu wa Shengena, kila boma lina mti: peasi, plamu, parachichi, mapera yanayojiotea yenyewe. Lakini tunda zuri huko si la kuliwa. Linachumwa likiwa gumu, linapangwa kwenye tenga, linashushwa Same mjini. Kinachobaki nyumbani ni lililodonolewa na ndege, lililoanguka likapasuka, lenye funza. "Mpe mtoto hilo, lisipotee." Basi mtoto anakua chini ya mti wa peasi, na peasi analolijua yeye ni kitu cha kahawia, laini kama jipu, chenye mdudu ndani. Ukimletea zima anakimbia. Wazazi wakasema watoto wetu hawapendi matunda.

"Si kwamba hawapendi," Mwalimu aliwaambia kwenye kikao. "Wana akili kuliko ninyi. Nani kati yenu anakula kilichotapikwa na ndege?"

Akawataka kila nyumba ilete tunda moja, lile zuri, lile la tenga. Mzee mmoja wa baraza la usharika alisimama akasema kwamba hilo linazungumzika, ila kuna jambo limemuudhi: mjukuu wake amerudi nyumbani akidai parachichi. Sasa huko kwetu parachichi zilikuwa nyingi hata zikamwagiwa nguruwe, na kwa wazee wengi mpaka leo kumpa mtu parachichi ni kama kumwonyesha zizi. "Mtoto wa ukoo wangu," mzee alisema, "analishwa chakula cha nguruwe hapa, kwenye nyumba ya Mungu."

Mwalimu alimwacha akae vizuri. Kisha akasema, "Mzee wangu, shikamoo. Nguruwe wako nimemwona. Manyoya yanang'aa, macho yanang'aa, anapiga kelele mpaka huku tunamsikia. Mjukuu wako analala mezani kwangu saa tatu asubuhi. Tubadilishane. Niletee nguruwe nimfundishe kuhesabu, huyo mtoto mrudishe zizini apate kunenepa."

Kikao kilivunjika. Mzee yule hakumsalimia tena mpaka alipokufa. Parachichi ziliendelea kuliwa.

Hakuwahi kumhurumia mama yeyote. Hilo lilinikera kuliko yote. Alikuja binti mmoja mdogo, mzazi wa mara ya kwanza, mwanawe kakonda, na kabla hajaeleza akaanza kulia. Mwalimu alimtazama mpaka akanyamaza. "Umemaliza?" akasema. "Hayo machozi yako hayana vitamini." Akamchukua mtoto, akaingia naye ndani akimwimbia, akamwacha mama pale nje na kanga yake usoni. Nilitoka nikamshika yule binti mkono. Nilipokuwa nikirudi ndani nilisema moyoni, huyu mwanamke Mungu amemnyima kitu.

Nilikosea kidogo. Kitu chenyewe hakunyimwa, alikuwa nacho akakivunja.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, mwanamume, anayeishi Same mjini, mwenye duka la vipuri vya pikipiki. Tulimjua kwa misiba. Kila msiba alikuja, akasalimia vizuri, "Shikamoo mama," akachimba kaburi na wenzake, na chakula kilipoletwa akasimama akaenda kuegemea gari. Tangu awe mtu mzima hajawahi, hata mara moja, kula kitu kilichotoka mkononi mwa mama yake. Alipopata mtoto wa kike, kule mjini, habari ilipanda mlimani pamoja na sharti: bibi anaweza kuambiwa mtoto hajambo. Kumlisha, hapana. Kumbeba, hapana. Kupelekewa likizo, hapana.

Wanawake wa kijiji walifurahi kama waliookota kitu. Walikuwa wamemsubiri muda mrefu. "Mganga hajigangi," walisema kisimani, kwa sauti ya kumfikia. Mwingine akaongeza kwamba majuto ni mjukuu, na wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Mwalimu alipita katikati yao na kuni zake kichwani.

Sababu aliniambia mwenyewe, siku tunamenya machungwa kwa ajili ya sikukuu ya chekechea. Alisema bila kuinua macho, kama anayeeleza njia ya kufika mahali. Mwanawe alipokuwa wa miaka mitatu aliugua surua, akapona, lakini hamu ya kula haikurudi. Kliniki walimpima, kisha muuguzi akamsimamisha mama mbele ya wenzake na kumwuliza kama mtoto huyo ni wake au wa kuokota. Alirudi nyumbani na aibu hiyo. Akamlaza mtoto mapajani, akambana mikono kwa kanga, akamziba pua, na kinywa kilipofunguka akashindilia ndizi. Akitapika, akampa nyingine. Asubuhi na jioni, siku baada ya siku, mpaka mtoto alipokuwa akisikia tu ganda la ndizi likichanwa anajikojolea.

"Akanenepa," aliniambia. "Hilo ndilo watu hawalijui. Alinenepa sana. Nilipompeleka kliniki muuguzi yule yule aliwaambia wenzangu wanipigie makofi. Wakapiga."

Akachukua chungwa lingine. Kisha, ili nisije nikadhani tumekuwa marafiki, akasema, "Unamenya kama unachuna mbuzi, binti wa mkonge. Acha hapo nitamalizia."

Tangu hapo nilijua anachokitaka duniani, na kilikuwa kimoja: kukaa na yule mjukuu mbele ya tunda. Kila msimu alichagua mapeasi mazuri kuliko yote, akayafunga kwenye kikapu kwa kitambaa cheupe, akamkabidhi dereva wa gari la mjini. Kikapu kilirudi jioni hiyo hiyo. Kitambaa hakikufunguliwa, fundo ni lile lile. Dereva, mtu mzima mwenye haya, alikuwa akikiweka mlangoni na kuondoka bila kupiga hodi. Tungeweza kuyagawa kwa watoto darasani, na mimi nilimshauri hivyo. Alikataa. Aliyafukia nyuma ya choo, na wiki hiyo ole wake mama ambaye angeleta mtoto na biskuti.

Kisha alizeeka, usharika ukaleta mwalimu kijana mwenye cheti, naye akaambiwa apumzike. Hakuna aliyemfanyia sherehe. Watu wazima ambao aliwafundisha kupenda fenesi walipita nje kwake wakimwogopa bado. Mimi nilikuwa nikimpelekea maziwa, naye alikuwa akiniambia kwamba nimeyatia maji.

Mwaka jana mkwewe akanipigia simu. Alizungumza kwa kunong'ona, nadhani alikuwa jikoni.

"Dada, nisaidie. Mwanangu Nakundwa hali kitu. Chai ya rangi na biskuti, basi. Mbavu zinahesabika. Kliniki wamenisema mbele za watu nikatamani ardhi inimeze. Nimemwambia baba yake, mama yako amefundisha watoto wa mlima mzima kula, huyu wetu anakufa kwa kiburi chako. Amekubali. Amesema mama aje Jumamosi, na yeye mwenyewe atakuwepo."

Nilimpelekea Mwalimu habari. Aliingia ndani akakaa muda mrefu. Alipotoka alikuwa ameshavaa kitenge cha kanisani, na ilikuwa Alhamisi.

Tulishuka Jumamosi. Alibeba peasi moja tu, la njano lenye wekundu upande mmoja, mkononi, si kwenye kikapu. Njiani hakunitukana. Nilianza kuogopa kwamba anaumwa.

Nyumba ya mwanawe ina baraza la saruji na viti vya plastiki. "Shikamoo mama," alisema yule mwanamume. "Dada, karibu." Alikuwa na adabu zake zote. Akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, mikono magotini, kama mlinzi wa benki. Mkewe akamleta mtoto. Alikuwa amekonda, macho makubwa, kidole mdomoni.

Mwalimu hakumbusu wala hakumwita. Alikaa chini sakafuni, kwa shida, akaweka peasi katikati yao, akalitazama. Mtoto naye akalitazama.

"Huyu ni mgeni," Mwalimu akasema. "Katoka mbali. Anaona haya."

"Ana haya?" mtoto akauliza.

"Sana. Labda akiamkiwa."

"Shikamoo," Nakundwa akaliambia peasi, akainama akatega sikio. Mama yake alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Mtoto alilishika, akaliviringisha, likagonga mguu wa baba yake, akalifuata huku akicheka. Mwalimu alifanya kwa saa moja kazi ambayo darasani huchukua wiki, na hakuharakisha hata kidogo, sijui niseme vipi, muda wenyewe ulimtii. Alilikata. Wakanusa. Mtoto akalamba, akakunja uso, akalamba tena.

Hapo nilijua ameshinda. Ningekuwa na uwezo ningemwinua nikamtoa nje wakati huo huo.

Maana mtoto alisogea, akapanda mapajani mwa bibi yake bila kuambiwa, akaegemea, akafungua kinywa. "Bibi, nilishe."

Mamia ya watoto wamepita mbele ya Mwalimu na sijawahi kuona akimtia mmoja wao kitu mdomoni. Aliutazama ule mdomo ulio wazi. Huyu alikuwa wa kwake, na alikuwa amemwomba. Mkono wake ukaenda, ukaweka kipande cha peasi juu ya ulimi wa mtoto.

Kiti cha plastiki kilianguka. Yule mwanamume alikuwa ameshafika, ameshamshika mwanawe taya.

"Tema!"

Mtoto akafumba kinywa.

"Tema, nimesema!"

"Baba Nakundwa, mwache!" mkewe akapiga kelele. "Anakula! Mwanao anakula!"

Hakusikia. Alikuwa anaminya mashavu ya mtoto kwa mkono mmoja, na vidole vya mkono wa pili vilikuwa vinapenya kati ya meno, uso wake umelowa jasho, na mtoto anarusha miguu, anakoroma, hawezi kuvuta pumzi. Mimi nilisimama pale kama gogo.

Mwalimu ndiye aliyesema. Aliweka kiganja chini ya kidevu cha mtoto, akasema kwa ile sauti ya darasani, "Tema, mjukuu wangu. Tema kwa bibi. Limeoza hilo. Baya."

Nakundwa alimtazama. Akamwamini, akatema. Kisha akalia, akalisukuma peasi lililobaki kwa mguu mpaka likaenda kando ya ukuta. "Baya," alikuwa akisema huku akilia, "baya, baya," na mama yake akambeba akaingia naye ndani akilia pia. Yule mwanamume alibaki amesimama akitazama vidole vyake. Baada ya muda alienda bombani akanawa, akarudi, akainua kiti.

"Pole kwa safari, mama," alisema. "Karibu tena."

Nilimwinua Mwalimu kutoka sakafuni. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Tulitoka, tukaifuata barabara ya vumbi kuelekea stendi, mimi nikimshika kiwiko, yeye kiganja chake kimoja kikiwa bado kimefumbwa. Nilimhurumia, na nilikuwa na hasira juu ya kumhurumia, baada ya yote aliyonifanyia. Penye kivuli cha ukuta wa ghala akasimama. Alikifumbua kiganja, akakitazama kile kipande kilicholowa mate, akakitia kinywani. Alitafuna taratibu, akameza.

"Halikuwa limeoza," akasema. "Alikuwa ameshalitafuna. Ilibaki kumeza tu."